Moyo Walioukariri

Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili alfajiri moyo wangu uliacha mwendo wake. Najua saa hiyo kwa sababu nilikuwa macho, nimelala kitanda cha sita katika wodi ya wanaume ya hospitali moja mjini Korogwe, na saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu, juu ya meza ya muuguzi. Kwanza moyo ulinyamaza kwa muda ulionitosha kujiuliza kama ndio mwisho. Halafu ukaanza tena, lakini haukuwa ule niliouzoea. Uliruka, ukasita, ukakimbia mapigo matatu manne, ukasita tena, kama mtu anayekimbia gizani kwenye shamba lililolimwa.

Nilimwita muuguzi wa zamu. Alikuja, akanishika bega, akacheka.

"Mzee Mbwana, na wewe unaogopa mtihani? Wanaotahiniwa ni watoto, si wewe. Pumzika, saa mbili wanakuja."

Ilikuwa siku ya mtihani. Siwezi kueleza ugonjwa wangu bila kuueleza mtihani huo, na bila kumweleza mwanafunzi aliyewaandaa wenzake kwa ajili yake, kwa hiyo nitarudi nyuma kidogo. Ninamwandikia mtu aliyeambiwa kwamba moyo wake una sauti, na ambaye sasa anaona vijana wenye makoti meupe wanamzunguka kitandani.

Mimi ni mtu wa Handeni. Niliishia darasa la saba. Kazi yangu ilikuwa kuandika mabango: majina ya maduka, bei za mashine za kusaga, maonyo ya kutokojoa ukutani. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza herufi kwa kunakili maandishi ya magunia ya mbolea na makopo ya rangi, na Kiingereza changu nilikiokota humo humo, kisha katika vitabu vikuukuu nilivyonunua kwa wauza karatasi za kufungia vitumbua. Zaidi ya miaka ishirini nilipanda ngazi, kopo mkono wa kushoto, brashi mkono wa kulia.

Mvua za vuli zilipoanza mwaka ule, ngazi ilinishinda. Nikifika kipandio cha nne natafuta pumzi. Miguu ikavimba hata kandambili ikaacha alama iliyokaa mpaka jioni. Nikawa silali bila kuegemea mito mitatu, na mke wangu Mwanaidi akahamia kitanda cha binti yetu Zubeda kwa sababu kikohozi changu kilimnyima usingizi, naye ndiye aliyekuwa akiamka kwenda shamba. Pale Handeni nilikaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje kwa siku nyingi. Benchi lile lina msumari mmoja uliotokeza, na wenyeji wa benchi wanajua pa kukaa. Anayeukalia ni mgeni. Nilijua kwamba ugonjwa wangu umekuwa wa kudumu siku nilipomwonya mtu mwingine kuhusu msumari ule.

Wakanituma Korogwe. Huko nikaambiwa kwamba valvu moja ya moyo imebana, na kwamba ilianza kuharibika nikiwa mtoto, kwa magonjwa ya koo ambayo hakuna aliyeyajali. Dawa zilikuwa tatu: vidonge vya kukojoa maji, sindano kila mwezi, na jina langu kuwekwa kwenye orodha ya upasuaji Dar es Salaam, mahali ambapo lilikuwa mbali sana kutoka juu. Sindano hiyo ni nzito kama uji. Inaingia polepole kwenye tako, na siku mbili unatembea kama umepigwa teke na punda. Tangu hapo nikaacha kuhesabu miezi kwa majina yake. Nikawa nahesabu kwa sindano.

Baada ya sindano ya tatu, katikati ya kiangazi, maji yalijaa kwenye mapafu na nikalazwa. Ndipo nikakutana na Upendo.

Alikuwa mwanafunzi wa udaktari, binti wa Bungu kule milimani, mfupi, mwenye sauti ya chini. Wanafunzi walikuwa wengi, na wote walikuwa wameshanisikiliza kifua. Wengi wao hawakuniuliza hata jina. Yeye alisimama miguuni pa kitanda akasubiri nimtazame.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, nina wenzangu watatu. Wameshindwa mtihani wa vitendo wa majaribio, na wakishindwa ule wa mwisho hawaendelei. Tulianza kundi letu tukiwa tisa, tumebaki wanne. Naomba niwafundishie kwako, saa za alasiri, ukiwa na nguvu. Ukikataa sitakasirika."

Nilimuuliza yeye mwenyewe atasoma saa ngapi.

"Nikiwafundisha ndiyo nasoma," alisema. Haikuwa kweli. Nilimwona mara nyingi akisinzia amesimama.

Wenzake walikuwa Getruda, aliyeogopa kila kitu, hata pazia. Baraka, aliyejua kila kitu kabla hajaulizwa. Na Shabani, kijana mkimya aliyekuwa akijilipia ada kwa kubeba mizigo stendi mwisho wa wiki. Kila alasiri walikuja. Upendo aliipasha stetoskopu joto kwenye kiganja chake kabla ya kuniwekea. Wenzake walisahau. Nililala ubavu wa kushoto, nikatoa pumzi yote, nikazuia. Mtu mwenye mapafu yenye maji akizuia pumzi anaona nyota. Walisikiliza mmoja baada ya mwingine, halafu wakarudia.

"Geti, unasikia nini?"

"Nasikia... moyo."

"Na mimi nasikia redio ya wodi ya pili. Sema unachokisikia."

"Mimi nasikia njaa," alisema Baraka. "Mzee hajala leo."

Kitanda cha tano alilala Mzee Lekisho, mfugaji wa Kimasai kutoka nyika za Handeni, aliyevunjika nyonga kwa kukanyagwa na fahali wake. Kazi yake ya mchana ilikuwa kututazama.

"Ero! Mbwana," aliniambia siku moja walipoondoka, "mnadani ng'ombe anafunguliwa mdomo mara moja, mnunuzi anaamua. Wewe wamekufungua wiki nzima na hakuna aliyetaja bei."

Wenzake waliposhindwa kushika sauti, Upendo alibuni njia. Alisema moyo wangu una mwendo kama kinu chenye watwangaji wawili: pigo moja zito, mawili mepesi yaliyokaribiana, kisha mkwaruzo. Aliugonga kwa kucha kwenye chuma cha kitanda changu, na kwa mkwaruzo alivuta ukucha taratibu. Akawafanya wagonge pamoja naye, kwa nafasi sawa, bila kuharakisha, mpaka vidole vyao vinne vikatoa mlio mmoja. Nilihisi chuma kikitetema chini ya godoro kwa mwendo ule ule uliokuwa kifuani mwangu. Siwezi kueleza vizuri jambo hilo. Kwa mara ya kwanza tangu niugue, kulikuwa na watu walioubeba moyo wangu pamoja nami.

Walianza kuugonga kila mahali. Getruda aliniambia kwamba bwenini waliugonga mezani wakisubiri maharage yaive. Baraka aliugonga ukutani akipita korido. Hata Mzee Lekisho akaujua, akawa ananipigia kwa kijiko kwenye kikombe chake cha chai anapotaka kunichokoza. Getruda, aliyeogopa pazia, alifumba macho siku moja akasema kila kitu bila kukosea, na Upendo akamkumbatia mbele yangu kama mtu aliyempata ndugu sokoni.

Mke wangu alikuja Jumapili na chungwa na maneno.

"Wanakulipa?"

"Hapana, Mama Zubeda. Wanajifunza."

"Basi wewe ni mbuzi wa shule. Mbuzi wa shule naye analishwa." Aliweka chungwa mezani. "Ngazi yako watu wanaiazima. Nimechoka kusema haipo."

"Usiiazimishe. Nitapona."

Alinimenyea lile chungwa lote, akanipa kipande kimoja kimoja, akaondoka kabla sijamaliza.

Nilipopata nafuu ya kuruhusiwa, mratibu wa mitihani alikuja kitandani na kuniomba nibaki siku chache zaidi niwe mgonjwa wa mtihani. Alisema moyo wangu ni mzuri sana. Nilifahamu kwamba hakuwa na maana ya kunisifu. Akanipa masharti: nisitaje ugonjwa wangu, nisimsaidie mtahiniwa, nisiseme lolote ambalo sijaulizwa.

"Siku hiyo wewe ni kitabu, mzee," alisema. "Kitabu hakisemi."

Nilikubali kwa sababu ya wale watatu. Kundi lao ndilo lililopangiwa kitanda changu. Upendo yeye alikuwa amefanya wake siku iliyotangulia, kwa mgonjwa mwingine, na siku ya wenzake hakuruhusiwa kukanyaga wodini.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa moyo wangu ulipoharibika mwendo alfajiri ile. Muuguzi alicheka akaenda. Zamu ikabadilika. Saa mbili alikuja mtahini, daktari bingwa mgeni aliyekuwa hajawahi kuniona. Alinisikiliza mwenyewe kwanza ili ajue jibu. Alikaa kidogo, akanishika kifundo cha mkono, akamtazama mwenzake.

"Nzuri sana," alisema kwa Kiingereza. "Na mapigo hayana mpangilio kabisa. Wakikosa hili hawana masikio."

Nilielewa kila neno. Nikaelewa pia kwamba anadhani nimekuwa hivyo siku zote, na kwamba limeandikwa kwenye faili. Nikafungua mdomo.

"Daktari, mimi..."

"Mzee, tafadhali," alisema mratibu kutoka mlangoni, akaweka kidole midomoni.

Nikanyamaza. Nimezoea kufuata maelekezo. Rangi ukiichanganya kinyume cha maelekezo inabambuka ukuta mzima, na mimi nimeishi kwa kanuni hiyo.

Getruda aliingia wa kwanza. Aliponitambua uso wake ulifunguka. Alinilaza ubavu wa kushoto, akaniwekea stetoskopu, ya Upendo, aliyoiazima kwake asubuhi ile, na alikuwa ameipasha joto. Akafumba macho. Mkono wake wa pili ulikuwa pajani, na nikaona vidole vyake vinagonga: pigo zito, mawili mepesi, mkwaruzo. Kwa nafasi sawa. Kifuani mwangu moyo ulikuwa unakimbia na kujikwaa, na vidole vyake vilikuwa vinatwanga kinu cha wiki iliyopita.

Alisema yote aliyoyajua. Akamalizia kwamba mapigo yana mpangilio.

"Una hakika?" aliuliza mtahini.

"Nina hakika, daktari."

Baraka hakusikiliza hata nusu ya muda wake. Alijibu haraka, kwa sauti kubwa, akitabasamu. Alipotoka alinikonyeza.

Shabani alikuwa wa mwisho katika wale watatu. Alisikiliza. Akaondoa stetoskopu masikioni, akaitazama kama imeharibika, akairudisha. Vidole vyake vilianza kugonga shukani, vikasimama. Akanitazama usoni.

"Mzee," alisema, "leo unajisikiaje?"

Nilikuwa nimeulizwa. Nilivuta pumzi ili nijibu.

"Dakika za kumuuliza mgonjwa historia zimekwisha," alisema mtahini akitazama saa. "Umepima tayari. Toa matokeo."

Nilimwona Shabani akichagua kati ya masikio yake na mafunzo yake. Akasema mapigo yana mpangilio.

Mchana nilipewa ruhusa, kwa sababu kitanda kilikuwa kimetunzwa kwa ajili ya mtihani tu. Karani alinipa bahasha ya nauli na chakula, shilingi elfu kumi na tano, na karatasi ya kusaini. Nilisaini kwa herufi zangu za bango. Akaigeuza karatasi waione wenzake.

"Mzee una mwandiko kama wa mashine!"

Wasomaji watauliza kwa nini sikusema hapo, kwa karani, kwa yeyote. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimesikilizwa asubuhi ile na daktari bingwa na vijana watatu. Niliamini mtu aliyesikilizwa kiasi hicho amesikika. Sindano yangu ilikuwa wiki mbili mbele. Nikapanga nitasema siku hiyo.

Haikufika. Masika ilikuwa inakaribia na mwenye bucha mmoja pale Handeni alitaka jina lake liandikwe kabla ya mvua. Nilikubali kwa sababu ukuta ule ulikuwa wa kuandikia chini, hauhitaji ngazi. Niliandika B, U, C. Nilipoanza kushusha mstari wa H, brashi ilianguka. Niliinama kuiokota na mkono haukwenda. Niliutazama. Ulikuwa wangu, una rangi nyekundu kwenye kucha, na haukwenda. Mwenye bucha akaniuliza kitu na mimi nikamjibu, lakini kilichotoka mdomoni hakikuwa Kiswahili wala Kizigua wala lugha yoyote. Akaacha kucheka alipoona mate.

Kiharusi. Damu iliyotulia ndani ya moyo usio na mpangilio iliganda, kipande kikatoka kikapanda kichwani. Hilo nililielewa baadaye. Wakati ule nilielewa tu kwamba nimerudishwa Korogwe, wodi ile ile, safari hii kitanda cha pili, na daktari kijana amesimama na faili langu.

"Faili linasema mpangilio mzuri. Haya mapigo yamekuwa hivi tangu lini?"

Nilijua. Nilijua saa na dakika. Ulimi ulilala mdomoni kama nyama ya mtu mwingine. Mwanaidi alisema, "Hatujui, daktari," na mimi nikalia kwa jicho moja, kwa sababu lile la kulia halikujifunga vizuri na lilikuwa linatoa machozi siku nzima bila sababu.

Mzee Lekisho alikuwa bado yupo. Alipoona nimeletwa alichukua kijiko agonge kikombe, akanitazama, akakiweka chini.

Matokeo ya mtihani yalitoka nikiwa hapo. Upendo alifaulu. Wale watatu wote walifeli kitanda changu. Walikuja wodini pamoja, nadhani hawakujua nimerudi, na ugomvi wao ulisimama upande wa pili wa pazia langu.

"Umetufelisha wewe," alisema Baraka. "Ulitufundisha moyo wa Mzee Mbwana. Hukutufundisha moyo."

"Mlisikiliza au hamkusikiliza?"

"Tulisikiliza ulichotupa! Tugonge, tugonge, kama ngoma ya mwali. Wewe umepita, wewe dada wa milimani, umetupanda migongoni."

"Baraka, acha," alisema Getruda.

Upendo alifungua pazia, labda ili awakimbie. Akaniona.

Hakusema shikamoo. Alikuja akanishika kifundo cha mkono uliokufa, halafu ule ulio hai. Akachukua stetoskopu. Hakuipasha joto. Alisikiliza muda mrefu, na mkono wake wa pili ukaenda kwenye chuma cha kitanda kama ulivyozoea, ukainua ukucha, na haukupata pa kugonga.

"Mzee, ukikubali, finya mkono wangu. Ulianza kabla ya mtihani?"

Sikufinya.

"Baada?"

Sikufinya.

"Siku ile ile?"

Nilifinya. Nyuma yake Shabani alitoa sauti kama mtu aliyechomwa.

"Niliusikia," alisema. "Upendo, niliusikia. Nikadhani nimekosea mimi."

Upendo alikuwa ameinamisha kichwa hata paji la uso likagusa shuka. Kisha akasimama, akaivua stetoskopu shingoni, akamkabidhi Shabani.

"Sikiliza. Usiniambie ninachokijua. Niambie kilichopo."

Kuanzia kesho yake alianza kuwafundisha upya, na hakugonga chochote tena. Aliwapeleka kitanda kwa kitanda. Aliwafanya wamsikilize mfagiaji, mlinzi, mama wa uji, watu wasio na ugonjwa wowote. Walimsikiliza Mwanaidi, aliyesema, "Haya, na mimi mnifanye mbuzi," lakini akakaa. Walimsikiliza Mzee Lekisho, aliyetangaza kwa wodi nzima kwamba moyo wake ni wa fahali na wakate nyama waone. Kila aliyesikilizwa aliulizwa kwanza: leo vipi, na jana ilikuwaje?

Baraka alikuja siku mbili, akaacha.

Na mimi akanifundisha. Alisema bado ana wanafunzi watatu, wa tatu mimi. Kila jioni alinikalisha, akaninyoosha vidole vya kulia kimoja kimoja, akanitamkisha maneno mbele ya kioo kidogo cha poda. "Maji." "Mama." "Mbwana." Jina langu lilichukua muda mrefu kuliko maji. Aliniwekea kalamu mkono wa kushoto, nikachora herufi kama mtoto wa chekechea, mimi niliyeandika nusu ya kuta za Handeni. Siku moja niliitupa kalamu ikampiga kifuani. Aliiokota akanirudishia.

"Tena, mzee."

Ulimi ulirudi, mzito lakini unaeleweka. Mguu ulirudi kwa kuburuta. Mkono haukurudi. Wakati wa mvua kubwa niliruhusiwa kwenda nyumbani nikiwa na dawa mpya ya kuzuia damu isigande, ambayo inataka kupimwa damu mara kwa mara, na nilipoingia uani niliona ukuta ambako ngazi ilikuwa ikining'inia.

"Nimeiuza," alisema Mwanaidi. "Na rangi. Na brashi zote. Niseme uongo?"

"Hapana."

"Basi nimeiuza." Akaingia jikoni. Usiku alirudi kulala chumba chetu, upande wa mkono wangu uliokufa, akauweka juu ya tumbo lake kama mtu anavyoweka kitambaa.

Baada ya masika, katika baridi, ujumbe ulikuja: kuna mtihani wa marudio, na chuo kinaniomba nirudi. Mwanaidi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Wakulipe mkono kwanza."

"Ni Getruda na Shabani. Hata Baraka yumo."

"Wao wana mikono miwili miwili, Baba Zubeda. Wewe wamekumaliza na bado unawapelekea."

Alikuwa na haki kwa kila neno. Nilikwenda. Sikwenda kwa kusamehe, na mtu asinisifu kwa hilo. Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na saa na dakika zake ambazo hazikuwa zimeandikwa popote, na nilitaka mtu aniulize.

Mratibu alikuwa yule yule. "Mzee, unakumbuka masharti. Kitabu..."

"Nikiulizwa," nilisema, na ilinichukua muda kulitoa neno, "nitajibu."

Baraka alikuja wa kwanza. Safari hii alikuwa amekariri mapigo yasiyo na mpangilio. Aliyasema kabla hajanigusa. Mtahini akamuuliza kuhusu mkono wangu ulioning'inia pembeni ya kitanda, na Baraka hakuwa ameuona. Nilisikia baadaye kwamba anauza simu na chaja mjini Korogwe. Getruda akaniuliza, akapima, akasema. Hakugonga kitu.

Shabani alivuta kiti akakaa kabla ya kunishika.

"Mzee, leo unajisikiaje?"

"Vibaya kuliko zamani. Vizuri kuliko masika."

"Moyo kwenda ovyo ulianza lini?"

Nikamwambia. Siku ya mtihani wao wa kwanza, kitanda cha sita, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili alfajiri. Nikamwambia nilivyomwambia muuguzi, na nilivyoanza kumwambia mtahini. Mtahini wa safari hii, daktari mwingine, aliacha kuandika.

"Hii haimo kwenye faili," alisema.

"Ndiyo," nilisema. "Haimo."

Hakunikatisha. Alimwacha Shabani aniulize mpaka akamaliza, na muda ukapita, na mratibu mlangoni akatazama viatu vyake. Getruda na Shabani walifaulu.

Upendo alipewa onyo la maandishi kwa kuwazoesha wenzake kwa mgonjwa wa mtihani. Amepangwa sasa kituo cha mbali. Kila siku ya sindano yangu ananipigia simu, na hanisalimu mpaka aniulize: leo vipi, na jana ilikuwaje? Shabani ameniambia kwamba huko aliko amekwisha kupata wengine wanaoelekea kufeli, na anakaa nao alasiri.

Wewe uliye kwenye benchi, nina jambo moja tu la kukupa. Ukisikilizwa na watu kumi, usidhani umesikilizwa mara kumi. Kifua chako kikibadilika, sema wakati huo huo, hata kama umeambiwa unyamaze, hata kama anayesikiliza anakupenda na anakujua. Hasa huyo.

Nilipotoka siku ile ya marudio, karani alinikumbuka. "Mzee wa mwandiko!" alisema, akanisogezea karatasi na kalamu. Niliitazama kalamu. Yeye aliutazama mkono. Kisha akafungua droo, akatoa kidau cha wino, nikaweka dole gumba la kushoto pale ambapo mara ya kwanza nilisaini. Elfu kumi na tano mara ile, elfu kumi na tano mara hii. Jumla, kwa moyo wangu na mkono wangu, shilingi elfu thelathini.